Mfuko Uliofunguliwa Agosti

Kibaha, 14 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Mimi mzima wa afya, na nitafurahi zaidi nikisikia goti lako limeacha kukusumbua. Najua baba wengine wanapigiwa simu na watoto wao. Lakini mara ya mwisho tulipoongea kwenye simu uliniitikia "ndiyo" kwa kila swali, hata nilipouliza umekula nini. Tangu masikio yako yazibe, karatasi ndiyo imebaki. Hii itakuja na basi mpaka Mpanda, na karani wa ofisi ya mabasi atakuwekea. Ananijua sasa.

Nina habari. Kiwandani wamenitoa kwenye kukata mifuko, wamenipeleka kwenye tanuri. Unaijua ile mifuko ya kuhifadhia mahindi, yenye nailoni ngumu ndani ya gunia la salfeti? Nailoni yenyewe inapitisha hewa, ingawa kwa macho huoni. Kwa hiyo tunaipaka utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando huo huja ukiwa umeyeyushwa kwenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, majimaji kama uji wa mgonjwa. Roli la nailoni, iliyoviringishwa kama mkeka, linafunguka, linapakwa, linapita kwenye tanuri lenye vyumba vitatu vya joto, linatokea upande wa pili likiwa kavu. Kazi yangu ni kuchunga joto la vyumba na mwendo wa roli. Utando ukikauka vizuri hewa haipenyi, na dumuzi waliofungiwa humo na mahindi wanakosa pumzi, wanakufa wenyewe bila dawa ya unga.

Tatizo letu ni malengelenge. Maroli mengi yanatoka na malengelenge madogo sana, yakipasuka yanaacha vitundu kama vya ncha ya sindano. Thadei, mkuu wetu wa zamu, anasema haijakauka, ongeza moto. Tukiongeza moto yanazidi. Wewe umekausha tumbaku tangu kabla sijazaliwa. Ungefanyaje? Usinicheke.

Mwanao, Rahel

Katumba, 5 Mei 2024

Mwanangu Rahel,

Nimecheka. Nimecheka mpaka Machibya, yule Msukuma jirani yetu, akasimamisha ng'ombe wake barabarani kuangalia kama nimepatwa na kitu. Umesoma mpaka chuo cha ufundi, halafu unamuuliza mzee wa kukausha tumbaku kwenye bani!

Haya, sikiliza. Huyo mkuu wako anaharibu kazi. Jani la tumbaku ukiliingiza kwenye bani ukaanza na moto mkali, uso wake unakauka upesi na kujifunga. Uti wa katikati bado una maji, na maji hayo hayana tena pa kutokea. Ukilishika unasema limekauka. Ukilifunga kwenye robota, baada ya mwezi limeota ukungu. Sisi tulianza na moto mdogo, siku mbili, jani linageuka njano huku likitoa maji yake taratibu. Halafu tunapandisha. Moto mkali unakuja mwisho, kwa ajili ya uti. Huo utando wako ni hivyo hivyo. Unafungwa juu wakati chini bado kuna majimaji, na yakichemka yanatafuta njia kwa nguvu. Anza pole pole.

Huku mahindi yamestawi. Watu bado wananiletea magunia niwaambie kama yamekauka, utadhani wao hawana mikono. Nawatania, lakini nakuficha nini, napenda. Tangu mama yako atutoke, hilo ndilo linalonitoa kitandani asubuhi.

Baba yako, Venansi

Kibaha, 19 Mei 2024

Baba,

Nyie wa tumbaku mngeajiriwa huku wote! Nilimwomba Thadei aniachie zamu moja nifanye ninavyojua. Nikashusha chumba cha kwanza kikawa vuguvugu tu, cha pili nikakipandisha kidogo, moto mkali nikauweka cha tatu. Roli nikalipunguza mwendo. Lilipotoka tulilipitisha mbele ya taa ya ukaguzi, hatukuona kitundu hata kimoja. Wenzangu walinipigia makofi, nikawaambia hayo ni ya baba yangu wa Katumba.

Kuna jambo moja. Kwa mwendo huo tunatoa maroli sita kwa zamu badala ya kumi, na mavuno yamefika, maduka ya mikoani yanapiga simu kutwa nzima. Thadei aliliangalia roli langu, akaangalia saa ya ukutani, akaondoka.

Nakupenda sana.

Rahel

Katumba, 26 Juni 2024

Rahel mwanangu,

Leo baba yako ni mtu mkubwa! Mwaka huu kikundi chetu cha kaya thelathini kimeamua kuweka akiba pamoja. Kila kaya imetoa gunia moja, yote yamewekwa kwenye ghala la kikundi ili kuanzia mvua za kwanza mpaka Januari, wakati wa njaa, tusianze kuhemea. Wamenikabidhi mimi ufunguo.

Klementina, mwenyekiti wetu, alitaka tutie dawa ya unga kama kila mwaka. Nikasimama. Nikawaambia Mpanda mjini kuna mifuko isiyopitisha hewa, na imekaushwa na Rahel wangu, kwa namna niliyomfundisha mimi mwenyewe. Nikasema nawahakikishia kwa jina langu. Makofi sikuyasikia ila mikono niliiona. Jana tumeileta, mifuko thelathini, na nembo ya kiwanda chako imechapwa juu yake. Nimeupapasa ule wa kwanza kwa muda mrefu. Ni laini, mwanangu. Mama yako angeuona angelia.

Baba yako, Venansi

Kibaha, 5 Julai 2024

Baba,

Barua yako nimeipata. Naomba unisomee namba iliyochapwa kwenye mfuko wa ndani, chini karibu na mshono. Na kama bado hamjafunga, tieni na dawa ya unga kidogo. Sisemi mifuko ina shida. Ni tahadhari tu, kila mtu huku anashauri hivyo.

Kazi imekuwa nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Rahel

Katumba, 22 Julai 2024

Rahel,

Namba ni 2705, yote thelathini. Ndiyo namba ya bahati?

Kuhusu dawa ya unga umenichekesha. Umekuwa mpishi anayewaambia wageni waje na chakula chao. Usiogope sifa, mwanangu, kazi yako ni nzuri. Na tumeshafunga. Kila gunia nililipima mwenyewe. Nilitia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, nikatikisa, nikaangalia kama chumvi inashika kwenye kioo. Haikushika ila kwenye mawili, dalili kwamba bado yana maji. Hayo niliyarudisha juani siku tatu zaidi mpaka isishike, wenyewe wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Karatasi ya maelekezo inasema mfuko usifunguliwe mpaka siku ya kutumia, maana ukiufungua unaingiza hewa. Nimewasomea wote. Nimesema atakayefungua, awe nani, atajibu mbele ya kikundi.

Goti ni afadhali.

Baba yako, Venansi

Kibaha, 6 Agosti 2024

Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu. Huku joto limepungua kidogo, na chumbani kwangu wamerekebisha bati. Kwaya yetu inajiandaa kwenda Morogoro.

Nina ombi. Ukipata nafasi, fungua mfuko mmoja uangalie. Mmoja tu, wa karibu na mlango. Ukiona dumuzi hai, waambie kikundi kwamba umeona kwa macho yako, wafungue yote watie dawa ya unga mapema. Lakini usiseme ni mimi niliyekuambia. Nitakueleza nikija Krismasi. Tafadhali baba, usiache.

Rahel

Katumba, 29 Agosti 2024

Rahel,

Umenitia kwenye majaribu, lakini nimefanya. Nilingoja Jumapili watu wakiwa kanisani, nikajifungia ghalani kama mwizi wa kuku. Nikafungua ule wa mlangoni. Mahindi yalikuwa na vumbi kidogo juu. Nilikuta dumuzi kama sita wamekufa na mmoja anatembea, mzito, kama amelewa. Nikasema huyu naye hana siku nyingi. Nikakamua hewa, nikafunga kwa kamba ileile.

Kikundi sikuwaambia. Ningeanzia wapi, wakati mimi ndiye niliyepiga marufuku? Na wewe hukuniambia ninatafuta nini. Wakati natoka nikakutana na Machibya anatafuta ndama wake. Alinyanyua mkono kunisalimu, akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Nadhani hakuona kitu.

Kuna nini, mwanangu? Mwandiko wako umebadilika.

Baba yako

Kibaha, 15 Septemba 2024

Baba,

Kama sita wamekufa na mmoja amelewa, basi mifuko inafanya kazi. Nilikuwa na wasiwasi wa bure. Asante kwa kunisikiliza, leo nimekula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mwandiko ni kalamu tu. Usifungue tena.

Rahel

Katumba, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Mvua imeanza wiki iliyopita, na Alhamisi tulifungua ghala. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, maana usiposikia kwangu utasikia kwa wengine.

Mfuko wa kwanza ulikuwa unga. Wa pili unga. Klementina akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa ukiwa mweupe na dumuzi wanatembea juu yake. Tulifungua yote thelathini pale pale uani. Magunia manne ndiyo yanaweza kuliwa ukipepeta sana. Kina mama walikaa chini. Sikusikia wakilia, ila niliona mabega.

Machibya akasema kitu. Nikaona kila mtu ananigeukia. Klementina akachukua daftari la kikundi, akaandika, akanipa nisome: "Venansi, ni kweli ulifungua mfuko Agosti?" Nikasema ndiyo. Akaandika tena: "Kwa nini?" Nikasema nilitaka tu kuona. Akaniangalia, naye tumejuana tangu tukiwa watoto tulioletwa hapa na wazazi wetu. Halafu akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo.

Wewe sikukutaja. Ulinituma kwa nia njema, na kijana hawezi kujua kila kitu. Mzee mwenye akili angekataa. Usijilaumu hata kidogo.

Ila nakuambia wewe peke yako, kuna kitu hakinipi usingizi. Mfuko mmoja niliufungua mimi. Hao ishirini na tisa je? Nimekaa nikafikiri, nikaona jibu ni moja. Sikuyakausha vizuri. Nimechukua mahindi yangu ya nyumbani, nimeyapima kwa chumvi mara nyingi, leo naona inashika, kesho naona haishiki. Siamini tena ninachokiona. Juzi mwanamke mmoja alipita hapa na gunia kichwani, akanisalimu kwa heshima, akaenda kupimiwa na Gabrieli, ambaye nilimfundisha mimi. Pengine walikuwa wananivumilia miaka yote hii, Rahel. Pengine masikio na mikono vilikufa siku moja nami sikujua.

Usiache kuja Krismasi.

Baba yako, Venansi

Kibaha, 7 Desemba 2024

Baba,

Kaa chini kabla hujasoma. Uliyakausha vizuri. Yote thelathini uliyakausha vizuri. Chumvi ilikuambia kweli na mikono yako haijafa.

Namba 2705 ni tarehe. Ni tarehe ishirini na saba mwezi wa tano, zamu yangu, tanuri langu. Asubuhi ile Thadei alikuja akasema oda za mikoani zimechelewa, tunataka maroli kumi na mawili. Akapandisha mwenyewe joto la chumba cha kwanza, akaongeza mwendo, akaniambia nisiguse. Nilijua kitakachotokea, maana ulikuwa umenifundisha. Utando ulijifunga juu kabla thina haijatoka, ikachemkia ndani. Roli la kwanza nililiangalia mbele ya taa, likawa kama chekecheo. Nikamwonyesha. Akasema mkulima hana taa kama hii. Kila roli lina kadi ya kusaini. Nilisaini kumi na mbili, baba. Nilisaini kwa sababu nilikuwa na wiki chache tu kwenye tanuri na sikutaka kurudi kwenye kukata mifuko.

Uliposema mmenunua Mpanda nilijipa moyo kwamba itakuwa namba nyingine. Uliponisomea 2705 nilijua ni maroli yangu. Hapo ndipo nilipaswa kukuambia. Badala yake nikakutuma ufungue mfuko, ili ugundue wewe, useme wewe, na mimi nisiguswe. Mfuko ule kuufungua hakukuharibu chochote, ulikuwa umeshaharibika kiwandani. Na uliponiandikia dumuzi mmoja bado anatembea, nilijua maana yake. Mfuko usiotoboka usingekuwa na hata mmoja mwezi wa nane. Nilijua, nikakujibu nimekula vizuri.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya mama Klementina. Nimeandika yote hayo, na jina langu, na jina la Thadei, na tarehe. Naomba aisome mbele ya kikundi kizima, kwa sauti, Machibya akiwepo.

Jana nilimpelekea meneja nakala. Aliisoma akiwa amesimama. Ameniambia nirudishe sare na nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nilimuuliza mifuko mingine ya namba ile imepelekwa wapi, akanifungulia mlango. Sijui kama nitaitwa. Kuhusu chakula cha kaya thelathini sina la kuwapa, na hilo linaniua.

Sistahili kukuomba msamaha kwenye karatasi. Krismasi sitakuja, sina uso. Naomba tu ulale.

Rahel

Katumba, 4 Januari 2025

Rahel,

Barua yako ilifika Mpanda kabla ya Krismasi, ikakaa ofisini kwa karani, maana sikuwa na sababu ya kwenda mjini. Niliipata tarehe ishirini na nane. Niliisoma palepale kwenye benchi, nikaisoma tena, basi la mchana likaniacha.

Klementina ameisoma ya kwake mbele ya wote. Sikusikia neno, niliangalia nyuso. Nilijua alipofika kwenye ile tarehe, kwa sababu wote walinigeukia tena, na safari hii Klementina alishindwa kuendelea, akampa mtu mwingine amalizie. Baadaye walikuja mmoja mmoja kunishika mikono. Machibya alisema kitu kirefu na machozi yanamtoka, sikujua ni nini, nikamwambia yameisha. Ameleta mtama, na wengine wanagawana walichonacho. Tutafika mavunoni tukiwa tumekonda, lakini tutafika.

Walinirudishia ufunguo. Nimepokea.

Sasa nakuja kwako. Nimeanza barua hii kwa maneno makali, nikaichana, na hii nayo si tamu. Sikukasirikia roli. Ulikuwa mgeni kwenye kazi, na mkubwa wako alikuwa amekusimamia. Hata mahindi nayaacha. Lakini tangu Novemba nilikuwa nakaa hapa mlangoni naangalia viganja vyangu kama vya mtu nisiyemjua. Nilimpa mama mmoja jibu la uongo kwamba naumwa, ili asinionyeshe gunia lake. Nilianza kufikiri kwamba mtu asiyefaa kitu anakula chakula cha wengine bure. Haya yote wewe ulikuwa na dawa yake mkononi tangu Julai, neno moja tu, na ukaniacha. Mimi nilikuficha wewe mbele ya watu thelathini. Wewe ulijificha nyuma yangu. Hilo limeniuma, Rahel, na bado linauma ninapoandika.

Umesema hustahili kuomba msamaha kwenye karatasi. Ni kweli. Kwa hiyo njoo, usingoje kuitwa na kiwanda. Njoo na basi la wiki hii, usilete zawadi. Klementina ameshakuandalia kitanda, utafikia kwake. Utakwenda kwenye kila mlango wa kikundi, kaya thelathini, uketi nao, useme kwa mdomo wako ulichoandika, na wakitaka kukusema uwaache wakuseme. Sitafuatana nawe.

Mlango wa thelathini ni wa kwangu. Ukifika huo, usibishe hodi, maana sitakusikia. Ingia tu.

Baba yako, Venansi